Feni ya laptopu inaunguruma kila nikifundisha kwa Zoom, nifanyeje?

"Habari mtaalamu. Nafundisha Kiswahili kwa Zoom, wanafunzi wangu ni watoto wa Kitanzania waliozaliwa nje, wengi wako Uingereza na Ujerumani. Darasa lina watoto 12 na napenda wote wawashe kamera. Natumia HP EliteBook 840 G3, i5, RAM 8, niliinunua Kariakoo ikiwa used. Dakika kumi za kwanza inakuwa kimya, baada ya hapo feni inaanza kuunguruma mpaka wazazi wanalalamika kwamba nasikika kama nafundishia kwenye mashine ya kusaga. Mzazi mmoja anasema nikiongea kelele inapungua, nikinyamaza inapanda. Nikivaa hedifoni za Bluetooth muungurumo unapungua lakini sauti yangu inakuwa ya kwenye simu, na watoto wanashindwa kutofautisha 's' na 'th'. Siku nyingine sauti inakatikakatika, na kuna siku nasikia sauti yangu mwenyewe inanirudia. Fundi mmoja kaniambia niongeze RAM iwe 16, mwingine kasema kuna programu ya kuizuia feni isizunguke sana. Kwa sasa naiweka juu ya mto ili isipige kelele. Nifuate lipi, au ninunue laptopu nyingine?"

Mwalimu, pole kwa usumbufu na ahsante kwa kueleza kwa mapana, maana wengi wanaandika tu "laptopu inapiga kelele" na hapo mtu unabaki kukisia. Kwa maelezo yako naona mambo manne yamekutana darasani kwako: joto la mashine, maiki iliyo mbali na mdomo, Bluetooth, na mtandao. Kwa mzazi aliyeko London yote hayo yanasikika kama kitu kimoja tu, mwalimu hasikiki vizuri. Inabidi tuyatenganishe kwa sababu dawa ya hili haitibu lile, na kazi kubwa kuliko zote wala haihitaji fundi.

Ila kabla ya yote kuna mawili ya kufanya leo leo. Itoe hiyo laptopu juu ya mto, na hiyo programu ya kuzuia feni usiiweke kabisa.

Mto unakudanganya. Laptopu nyingi zinavuta hewa ya baridi kwa matundu ya chini, tumboni, halafu zinatoa ya moto pembeni au nyuma. Ukiiweka juu ya mto sponji inaziba yale matundu, mlio unafifia kidogo kwa sababu sponji inameza sauti, unaona afadhali, kumbe ndani joto linapanda na baada ya muda feni inazunguka kwa kasi kuliko ambavyo ingezunguka mezani. Tena mto na shuka vina vinyuzi vya pamba, feni inavivuta, vinaenda kujikusanya kwenye zile nyavu za shaba ambako joto linatakiwa kutokea. Iweke kwenye meza ngumu, nyuma uinyanyue na vifuniko viwili vya chupa ya maji au kitabu chembamba pembeni, hewa ipate pa kupita. Kama meza inatetemeka na kuongeza mlio, weka vipande vya malapa ya zamani chini ya miguu ya laptopu, raba inakata mtetemo bila kuziba hewa.

Kuhusu kuizuia feni, sikia hii. Prosesa yako, ile chipu inayofanya kazi za kompyuta, ina kikomo cha joto, nyuzi 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo ukiifunga feni ili upate utulivu, joto litapanda mpaka kikomo, prosesa itajipunguza kasi, Zoom itakosa nguvu ya kuchakata sauti yako kwa wakati na wazazi wataanza kusema "mwalimu unakatika". Umeondoa kelele umeleta kukatika, na hapo hapo unaipika betri iliyo jirani. Feni inayopiga kelele inakuambia ukweli, kuna joto, basi tulitafute hilo joto linatoka wapi.

Linatoka kwenye kazi. Zoom ya watu wengi ni kazi nzito kuliko inavyoonekana machoni. Ukiangalia filamu kompyuta inafungua video moja, darasani kwako inafungua video 12 kwa mpigo, kwa sababu seva ya Zoom haichanganyi picha za watoto ziwe video moja, inakupitishia ya kila mtoto na kazi ya kuzifungua inabaki kwako. Wakati huohuo inachukua picha ya kamera yako, inaibana na kuituma, papo kwa papo, saa nzima bila kupumua. Na kama umewasha ile ya kutia ukungu nyuma yako au kujiweka ufukweni, hapo ndio umeongeza mzigo hasa. Picha moja ya video ya 720p ina nukta 921,600, na kompyuta inatakiwa iamue kwa kila sehemu ya picha hii ni wewe au ni ukuta, halafu irudie tena kwenye picha inayofuata, na kwa sekunde moja zinaweza kupita picha 30. Prosesa za i5 za kizazi cha 6 zilizofungwa kwenye G3 zina viini viwili tu vya kuchakata, vikielemewa vinachota umeme, umeme unageuka joto, na lile joto linachukua muda kujaa kwenye shaba na bodi ya laptopu. Ndio maana dakika kumi za kwanza uko salama halafu mambo yanabadilika. Na Dar mwezi wa pili chumba kikiwa na nyuzi 32 jua kwamba prosesa inaanzia hapo, chumba kikipanda nyuzi tano na yenyewe inapanda karibu hizohizo.

Kwa hiyo ukungu wa nyuma uzime. Kama nyumba ina watu wanaopitapita na hutaki waonekane, tundika kitenge au khanga nzuri ukutani ukae mbele yake, darasa la Kiswahili litapendeza na prosesa haitajua kama kuna kitu. Zima pia HD kwenye setingi za video za Zoom. Halafu suala la kuona watoto wote, naelewa kwa nini unalitaka, mtoto wa miaka saba asipoona unamuangalia anaenda kucheza. Lakini huhitaji sura 12 dakika zote 60. Wakati wa salamu na maswali fungua mtindo wa kuwaona wote, ukianza kueleza kitu au kuonyesha skrini rudi kwenye mtindo wa kumuona anayeongea tu, hapo wengine wanakuwa vijipicha vichache na kazi ya kufungua video inashuka sana. Funga na brauza yenye kurasa ishirini, funga ile ya kupakua muziki, na uangalie kama antivairasi haijapanga kukagua mashine saa yako ya kipindi.

Kuna setingi nyingine ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kwa laptopu za umri huu. Prosesa yako ina kasi ya kawaida na kasi ya kukurupuka, kwa mfano i5-6300U kawaida ni GHz 2.4, ikikurupuka inafika 3.0. Ili ikimbie hivyo inahitaji volti zaidi, na joto linapanda haraka kuliko kasi inavyopanda, yaani unapata kasi kidogo kwa joto jingi. Ingia Control Panel, Power Options, Change plan settings, kisha Change advanced power settings, tafuta Processor power management, ndani yake kuna Maximum processor state. Imeandikwa 100%, iweke 99%. Hiyo moja tu kwenye laptopu nyingi inazima kule kukurupuka, prosesa inabaki kwenye kasi yake ya kawaida na feni inatulia. Kwa jinsi feni zilivyo, kushusha mzunguko kidogo tu kunasaidia sana masikioni, ukiushusha kwa nusu mlio unapungua kama desibeli 15. Ila sitaki nikufiche, kama mashine tayari ilikuwa imeelemewa, kuipunguza kasi kunaweza kufanya picha zianze kugandaganda. Ndio maana zima ukungu na punguza sura kwanza, halafu hii ifuate, uipime kwenye kipindi kimoja, ikikukataa irudishe 100.

Sasa tuje kwenye maiki, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu hata feni isipopungua hata chembe, wazazi wako wanaweza kuacha kuisikia.

Yule mzazi aliyesema kelele inapanda ukinyamaza amekupa siri yote. Zoom ina kitu kinachorekebisha ukubwa wa sauti ya maiki chenyewe. Ukiongea inashusha, ukinyamaza kumsubiri mtoto ajibu inadhani unaongea kwa sauti ndogo, inapandisha, inapandisha tena, na kilichobaki chumbani ni feni peke yake, basi inaikuza feni. Mtoto wa watu anafikiria jibu huku anapigiwa muungurumo masikioni. Tatizo linaanzia hapa: maiki ya laptopu iko kama sentimita 60 kutoka mdomoni kwako, feni iko karibu nayo zaidi kuliko wewe. Sauti inapungua kwa desibeli sita kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ukileta maiki ikawa sentimita 5 kutoka mdomoni, sauti yako inaingia ikiwa na desibeli 21 zaidi, na feni haijaongezeka chochote. Hakuna programu ya kusafisha sauti inayoweza kukupa hicho bila kukuharibia maneno.

Maana yake ni hedifoni za waya zenye maiki, zilezile za simu zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Huhitaji za wachezaji wa gemu zenye taa. Ukienda kununua angalia plagi, ile ncha ya kuchomeka. Ikiwa na mistari mitatu ya plastiki inayokata chuma, ina maiki. Ikiwa na miwili, ni ya kusikilizia tu, achana nayo hata muuzaji akiapa. Laptopu yako ina tundu moja linalopokea maiki na spika kwa pamoja, kwa hiyo itaingia moja kwa moja.

Ukishachomeka usidhani kazi imeisha, kwa sababu Zoom inaweza kuwa bado inasikiliza maiki ya laptopu, hili linawapata watu wengi mno na hawajui. Fungua setingi za Audio, kuna mstari unaocheza sauti ikiingia. Gonga taratibu kwa kucha kile kimaiki cha kwenye waya, mstari uruke juu. Halafu kwaruza fremu ya kioo karibu na kamera, mstari usiruke. Kama ni kinyume chake, badilisha maiki kwenye orodha hapohapo. Kisha bonyeza Test Mic, ongea kidogo, itakurudishia sauti yako ujisikie mwenyewe kabla wazazi hawajakusikia.

Na kama unajifunga mtandio, kile kimaiki usikiache kiningʼinie chini ya kitambaa. Kila ukigeuza shingo kinasugua, na msuguo huo watoto wanausikia mkubwa kuliko feni yenyewe. Kitoe nje, kibane kwa kibanio cha nguo pembeni ya kidevu, sio mbele kabisa ya mdomo maana ukisema "paka" pumzi itakipiga. Pangaboi au feni ya mezani pia usiielekeze usoni. Ielekeze kwenye laptopu, itaipoza kweli kweli, na upepo ukupite pembeni.

Bluetooth sasa. Hedifoni zako sio mbovu. Ukisikiliza muziki zinatumia njia moja ya kusafirisha sauti yenye ubora mzuri, lakini maiki ikiwaka tu zinahamia kwenye njia nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya simu. Ile ya zamani inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, maana yake sauti zote zilizo juu ya hezi 4,000 zinakatwa, hazifiki. Iliyoboreshwa inachukua 16,000 na ina nafuu, ila si kila laptopu na kila hedifoni zinaelewana kuitumia. Sasa wewe ni mwalimu wa lugha, hili linakuhusu kuliko mtu wa kikao cha ofisini. Herufi "s" nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, ikikatwa inabaki upepo tu, na "th" nayo ni upepo, "f" vilevile. Mtoto anayekusikia kupitia njia hiyo hana namna ya kujua umesema samani au thamani, sio kwamba sikio lake ni zito, sauti yenyewe haikumfikia. Usimlaumu mtoto wala usijilaumu wewe. Hedifoni za waya hazina ukataji huo kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo iangalie ile setingi ya Zoom ya kupunguza kelele za nyuma. Ina ngazi, Auto, Low, Medium na High. Wengi wakisikia feni wanaipeleka High na kushangilia. Programu ile inatafuta sauti zinazofanana na mchakacho usio na tuni ili izifute, na "s", "sh", "f", "th" ni mchakacho usio na tuni. Inakula feni na konsonanti zako pamoja, mwanzo wa neno unapotea, na juu ya hapo inaongeza kazi ya prosesa. Ukishakuwa na maiki ya karibu iweke Low. Nadhani kwa mtu anayefundisha matamshi hilo ni muhimu kuliko feni kunyamaza kabisa, kafeni kadogo kwa mbali hakamzuii mtoto kujifunza, neno lililokatwa kichwa linamzuia.

Kuna mlio mmoja unaweza kujitokeza ukianza kutumia waya, nikutahadharishe usije ukadhani hedifoni ni mbovu. Ni mlio wa nzzz wa chini unaoendelea tu bila kupanda wala kushuka. Chomoa chaja dakika moja ufundishe kwa betri. Ukitoweka, shida ni umeme, mara nyingi ekstensheni haina waya wa ethi au soketi ya ukutani ethi yake haijaunganishwa, na kama bodi ya laptopu ni ya chuma unaweza hata kuhisi kama inakutekenya ukiipitisha kidole juu huku inachaji. Badilisha ekstensheni au soketi, na kama nyumba nzima iko hivyo muite fundi umeme aangalie ethi, hilo ni suala la usalama wenu kabla ya kuwa suala la Zoom. Chaja ya kuungaunga nayo inaleta mlio huo, na chaja yenye wati ndogo kuliko inayotakiwa inaweza kuifanya laptopu ijipunguze kasi hata kama haina joto.

Sauti yako kukurudia, hilo haliko kwako. Ukisikia mwangwi wako mwenyewe maana yake kuna nyumba huko spika iko wazi na maiki yao inaidaka sauti yako na kuirudisha. Ongea sentensi moja huku unaangalia skrini, yule ambaye fremu yake inawaka wakati ni wewe unayeongea, ndiye. Mmyuti kwa upole, au waombe wazazi wake wampe hedifoni. Na familia zenye watoto wawili darasani, kila mmoja na tableti yake chumba kimoja, hapo lazima mmoja azime maiki na spika, wasikilize kwa kifaa kimoja, la sivyo mtapigiwa mluzi.

Kukatika kwa sauti kunahitaji upelelezi kidogo kwa sababu kunaweza kutoka kwenye joto au kwenye mtandao na dalili zinafanana. Siku ikitokea, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Angalia CPU, yaani prosesa. Ikiwa inagonga 95 mpaka 100 muda wote, ni mashine imeelemewa, rudi kule juu kwenye ukungu na sura. Ikiwa iko 50 na bado unakatika, ni mtandao. Hapo hapo angalia na Memory, ndiyo RAM yenyewe, na hili ndilo jibu la fundi wako wa RAM. Ikiwa imefika 90 na zaidi ukiwa kipindini, kuongeza kutasaidia kwa sababu mashine inahangaika kuhamisha vitu kwenda kwenye diski. Ikiwa iko 60 au 70, hizo GB 8 za nyongeza zitakaa zinakutazama, feni itaendelea vilevile. RAM haipozi prosesa. Sisemi fundi amekudanganya, ila amekupa dawa kabla ya kupima.

Kama ni mtandao, jua kwamba sauti peke yake inakula kidogo sana, video ndiyo inayokomba, kwa hiyo mambo yakiwa mabaya zima kamera yako kwanza, watoto wakuone mwanzo na mwisho. Ukitumia hotspoti ya simu, jaribu kuunganisha kwa waya wa USB badala ya waifai, setingi ipo kwenye simu palepale penye hotspoti. Waifai ya GHz 2.4 na Bluetooth zinapigania anga lilelile, ukizitumia zote mbili kwa pamoja kwenye laptopu ya zamani zinagongana, na hiyo inaweza kuwa sababu nyingine ya siku zako za Bluetooth kuwa mbaya. Simu isikae juani dirishani kutafuta mnara, ikipata moto inapunguza kasi na yenyewe.

Na kama kipindi kiko kesho na hujapata hata hedifoni, kuna njia ya bure ambayo mimi naipenda. Ingia darasani kwa simu na kwa laptopu pamoja. Simu iwe ndiyo masikio na mdomo wako, haina feni. Laptopu iwe ya kuonyesha ubao na picha, na ikikuuliza kujiunga na sauti, usijiunge kabisa, sio kumyuti tu, spika yake pia isiwe hewani, vinginevyo utatengeneza mluzi mwenyewe. Zima video zinazoingia kwenye moja ya vifaa, bando lisiliwe mara mbili.

Haya, ukishafanya hayo yote na bado mezani, bila ukungu, ikiwa kwenye 99%, feni inaunguruma hata ukifungua barua pepe tu, hapo ni ndani. Laptopu ya kizazi hicho ina miaka mingi, ikiwa haijawahi kufunguliwa ile pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na shaba inawezekana imekauka na nyavu zimejaa vumbi. Ipeleke kwa fundi, na mwambie maneno haya: fungua, chomoa betri kwanza, toa vumbi kwenye nyavu sio kwenye feni tu, futa pesti ya zamani kwa spiriti safi, weka mpya. Kaa naye uangalie. Akileta blowa, aishike feni isizunguke, upepo ule unaizungusha kuliko ilivyotengenezwa na unaweza kuua beringi. Kama mlio wako ni wa kukwaruza au kugonga, sio wa upepo, beringi imeshakufa, badilisha feni nzima, usikubali kutiwa mafuta ya cherehani maana kwa kawaida ni suluhisho la muda mfupi. Na ukiona padi ya kipanya imenyanyuka au kava la chini limetuna, zima, chomoa chaja, usiibonyeze, ipeleke siku hiyohiyo. Hiyo ni betri imevimba na inaweza kushika moto.

Kuhusu kununua nyingine, nisingekushauri mwezi huu. Fanya hayo, fundisha vipindi vitatu vinne, kama CPU bado inagonga 100 hapo utakuwa unanunua kwa sababu unayoijua. Na ukinunua used usichukue G4, hiyo unaongeza kidogo sana. Ruka mpaka kizazi cha 8, i5-8250U au 8350U, kwa HP ni kama EliteBook 840 G5. Hizo zina viini vinne badala ya viwili kwa kiwango kilekile cha wati 15, na Windows 11 inazikubali rasmi, wakati hiyo ya kwako haikubaliwi na Windows 10 ilishasitishiwa huduma ya kawaida Oktoba 2025. Dukani usiridhike na kuiona imewaka. Iunganishe na hotspoti yako, anzisha kikao cha Zoom na simu yako, washa ukungu makusudi, piga stori na muuzaji robo saa nzima mkono ukiwa pembeni pale hewa inapotokea. Ikitoka hewa ya moto yenye nguvu, upozaji unafanya kazi. Ikipiga kelele na hewa inatoka kidogo tu, nyavu zimeziba, na hapo ama akusafishie kabla hujalipa ama uende duka la pili.